Ukimaliza kuandika, ilaze kwanza!

  Vuta kiti tukae wote, maana leo nina jambo linalomgusa kila mwenye kalamu. Na siku hizi kila mwenye simu ni mwenye kalamu, kwa hiyo usiseme halikuhusu.

Leo nazungumzia ule muda unaoanzia pale unapoweka nukta ya mwisho, hadi pale unapokipeleka ulichoandika kwa mwenyewe. Iwe ni barua ya kuomba kazi, barua ya kwa mpenzi, risala ya harusi, hadithi ya gazetini, au riwaya nzima ya kurasa 200. Wengi wetu muda huo hatuupi hata dakika tano. Tukishaweka nukta, twende! Bahasha inalambwa, kitufe kinabonyezwa, mzigo umeondoka.

Mimi nasema hapana. Ukimaliza kuandika, ilaze. Ilale kama maharage yanavyolala kwenye maji usiku kucha kabla hujayabandika jikoni. Ikishalala ndipo uirudie, uikate, uishone upya, halafu iende.

KIPYA KINYEMI

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Yaani kitu kikiwa kipya kinapendeza tu, hata kama ni donda. Sijaona mahali methali hii inapofanya kazi kama kwenye kuandika. Saa ile umemaliza, damu inachemka, kila sentensi unaiona bomba. Unajisomea mwenyewe na kucheka peke yako mpaka watu wa chumba cha pili wanauliza kulikoni. Mtu akikwambia aya ya tatu haina kazi, unaweza kumkunja shati.

Sasa nakupa jambo ambalo unaweza kulijaribu leo hii hapo nyumbani. Mtu anaposoma alichoandika muda ule ule, kwa kweli hasomi. Anakumbuka. Kichwa bado kimejaa maneno aliyokusudia, kwa hiyo jicho likipita mahali penye pengo, kichwa kinaliziba chenyewe. Umeandika "nilikwenda sokoni kununua ya baba". Neno "viatu" limebaki kichwani. Wewe unapita hapo mara tatu na kila mara unaviona viatu vipo! Mwenzako akishika karatasi, mstari wa kwanza tu anakuuliza: "Ya baba nini?"

Hilo ni kosa la neno, na hilo ni dogo. Kosa kubwa ni la maana, na hapo lugha yetu yenyewe inatutega. Chukua sentensi hii: "Juma alimwambia Hamisi kwamba mke wake amefika." Mke wa nani hapo? Wa Juma au wa Hamisi? Kwenye hadithi ya mapenzi hilo si jambo dogo, watu wanaweza kutoana roho! Au hii: "Asha alipomkuta Rehema analia, alimshika mkono akamwambia hatarudi tena kwake." Nani harudi kwa nani?

Mwandishi yeye anajua. Juma anamwona, Hamisi anamwona, na huyo mke anamwona anashuka kwenye basi na begi lake. Sisi wasomaji hatukuwepo stendi. Sasa mwache mwandishi huyo siku nne au tano asahau kidogo, halafu mrudishie karatasi yake. Utamwona naye anakuna kichwa: mke wa nani huyu? Basi hapo tiba imeanza, kwa sababu amekuwa mmoja wetu.

Hiyo ndiyo maana ya kulaza, ndugu yangu. Usidhani ni uvivu. Ni kumpa mwandishi nafasi ya kugeuka msomaji. Nyani haoni kundule, lakini la mwenzake analiona hata akiwa mti wa mbali, na analicheka. Andiko lako likilala vya kutosha, siku ya kuamka linakuwa kama la mwenzako.

KURASA TATU, KODI HAIMO

Nikupe kisa kimoja cha hapa hapa mtaani kwetu. Mtu akishajulikana amemaliza sekondari na ana mwandiko mzuri, basi huwa karani wa mtaa mzima. Mimi ni mmoja wao. Naandikiwa "hodi" mlangoni saa yoyote.

Alikuja mama mmoja jirani, mjane. Marehemu mumewe aliacha nyumba ya vyumba sita, na vyumba viwili vya mbele vina wapangaji. Tangu mazishi, kodi ya vile vyumba viwili anaichukua shemeji yake, mdogo wa marehemu. Miezi 14! Mama yule ana watoto watatu shule na anauza vitumbua. Siku hiyo alikuwa amekutana na shemeji yake njiani, wakarushiana maneno, akaja kwangu moja kwa moja na khanga mabegani.

"Mwanangu, chukua kalamu. Leo nataka nimwandikie mpaka ajute kuzaliwa."

Nikachukua. Mama akasema, mimi nikaandika. Kurasa tatu! Humo ndani kulikuwa na mama mkwe, kulikuwa na pilau la arobaini lililogawiwa ndugu wa upande mmoja, kulikuwa na baiskeli ya marehemu iliyopotea katika mazingira ya kutatanisha, na kulikuwa na maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyapitisha hapa. Tulipofika mwisho mama alikuwa anahema. Akataka barua ipelekwe jioni ile ile na mwanawe mkubwa.

Nikamwambia, "Mama, samahani. Tuilaze mpaka Ijumaa."

Akanisonya. Akaniambia vijana wa siku hizi tumekuwa waoga. Nikamwambia sawa mama, lakini barua haiozi, siku nne tu, na Ijumaa ukisema iende itakwenda kama ilivyo. Akaondoka amenuna.

Ijumaa baada ya vitumbua kuisha alikuja. Sikumwambia kitu, nikamsomea tu kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Ukurasa wa kwanza akatikisa kichwa. Ukurasa wa pili akasema, "Hii ya pilau toa, mwanangu, watu watanicheka." Ukurasa wa tatu akanyamaza. Nilipomaliza akauliza swali ambalo mpaka leo nalikumbuka:

"Sasa kodi yangu iko wapi humu?"

Haikuwemo! Kurasa tatu, pande zote mbili, na hakuna mahali palipoandikwa vyumba vingapi, miezi mingapi, wala kiasi gani. Siku ile ya hasira kodi ilikuwa imejaa kichwani mwake kiasi kwamba hakuona haja ya kuitaja. Aliamini imo. Ilichukua siku nne kwa yeye mwenyewe kuisoma barua yake kama shemeji atakavyoisoma, na kuona kwamba shemeji angepata matusi ya kulalamikia mbele ya ukoo, lakini asingepata hata mstari mmoja wa kujibu.

Tukaandika upya. Safari hii nusu ukurasa. Vyumba viwili, miezi 14, kiasi cha kila mwezi, majumla yake, na siku ya kukutana mbele ya wazee wawili wa ukoo. Heshima mwanzo, heshima mwisho. Shemeji alikuja siku iliyotajwa. Sikudanganyi kwamba fedha zote zilitoka siku hiyo, zilitoka za miezi mitano, na zilizobaki bado zinazungumzwa. Ila tangu siku hiyo wapangaji wanamlipa mama mwenyewe mkononi. Zile kurasa tatu aliziomba, nikampa. Aliwashia jiko.

MPAKA WAKUBWA WAMO

Usije ukasema haya ni mambo ya barua za uswahilini tu. Wakubwa wenyewe wa kalamu wamo.

Mchukue Chinua Achebe wa Nigeria. Kitabu chake cha Things Fall Apart wengi waliopita sekondari wamekisikia kama hawakukisoma, na kwa Kiswahili kinaitwa Shujaa Okonkwo. Mwaka 1956 Achebe alikuwa kijana wa umri kama wetu huu, miaka ishirini na kitu, mfanyakazi wa redio ya kwao. Akapelekwa London kwenye mafunzo ya BBC, na mswada wake akaenda nao. Huko alimwonyesha mmoja wa walimu wake, Gilbert Phelps, ambaye naye alikuwa mtunzi wa riwaya. Phelps akaupenda, akataka kuupeleka kwa wachapishaji.

Hebu jiweke hapo. Wewe ni kijana kutoka Afrika, mwaka 1956, uko London, Mwingereza mwenye majina anakwambia lete kitabu chako nikakuombee. Ungefanyaje? Mimi najua wengi wetu tungeuacha pale pale mezani na kukimbia kuwapigia simu nyumbani!

Achebe alisema ngoja kwanza, bado kuna kazi ya kufanya. Akarudi nao Nigeria. Wakati huo hadithi ilikuwa ya vizazi vitatu: Okonkwo, mwanawe na mjukuu wake. Alipokaa nayo tena akaona imebeba mizigo mingi mno. Akakata sehemu ya pili na ya tatu, akabaki na Okonkwo peke yake, na hiyo moja akaitanua na kuijaza vizuri. Kilipotoka London tarehe 17 Juni 1958, ndicho hiki unachokijua, ambacho kimetafsiriwa kwa makumi ya lugha. Ule upande wa mjukuu nao haukupotea. Mwaka 1960 mjukuu alipata kitabu chake mwenyewe, No Longer at Ease, ambacho kwa Kiswahili ni Hamkani si Shwari Tena. Kwa hiyo usiogope kukata. Kilichokatwa kwa akili huweza kuwa mtaji wa kesho.

Ila kuna somo jingine hapo, na hili lishike sana. Mswada ulipokuwa tayari, mwaka 1957, Achebe aliutuma kwa posta kwa wapiga chapa fulani wa London, nakala pekee aliyokuwa nayo, ya mkono. Wakamtaka ada, akalipa. Halafu kimya. Miezi ikapita, kimya. Ilibidi bosi wake wa redioni, Angela Beattie, alipokwenda likizo Uingereza, aende mwenyewe mpaka ofisini kwao kuwabana, ndipo kazi ikafanyika. Fikiria ungepotea! Kwa hiyo kulaza ni lazima, lakini weka nakala. Ya simu itume pia kwenye barua pepe yako, ya karatasi ipige picha.

ILALE MUDA GANI?

Hapa watu wanapishana. Kulikuwa na mshairi wa Roma ya kale, Horace, aliyefariki mwaka 8 kabla ya Kristo. Yeye alishauri andiko likae ndani mpaka mwaka wa tisa! Miaka tisa jamani, na wewe una kodi ya mwezi huu. Stephen King wa Marekani, yule wa riwaya za kutisha, ana kitabu chake kiitwacho On Writing kilichotoka mwaka 2000. Humo anasema riwaya ikiisha ifungie kwenye droo kwa wiki sita angalau, ufanye mambo mengine, wala usiichungulie.

Mimi nina kipimo changu cha mtaani, kitumie kama kitakufaa. Ujumbe wa hasira, usiku mmoja. Barua ya kuomba kazi, siku mbili. Risala ya harusi au barua nzito ya kifamilia, siku nne mpaka wiki. Hadithi fupi, wiki mbili. Riwaya, mwezi na zaidi, hapo nakubaliana na King. Kadiri andiko lilivyokuchukua muda kuliandika, ndivyo linavyohitaji muda kukutoka kichwani. Muulize seremala yeyote pale Keko, atakwambia mbao nyembamba hukauka upesi na boriti huchelewa, na ukipigia mlango mbao mbichi, utapinda ukiwa umeshaulipia.

Hata wenye mitandao wameligundua hili. Mwaka 2023 WhatsApp waliweka uwezo wa kusahihisha ujumbe ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma. Gmail nao wanakupa sekunde 30, ukitaka nyingi kabisa, za kuirudisha barua isiondoke. Ni jambo jema, tunawashukuru. Lakini mpenzi msomaji, dakika 15 baada ya ugomvi damu bado inachemka! Utasahihisha herufi tu, na maneno mabaya yataenda yakiwa yameandikwa vizuri zaidi.

NINA HARAKA, NIFANYEJE?

Najua swali lako. Utaniambia, wewe mwenyewe ni mwandishi wa gazeti, ukurasa unafungwa kila wiki, hiyo nafasi ya kulaza unaipata wapi?

Dawa yake ni kuwa mbele hatua moja. Mimi sina mshahara, nalipwa kwa makala, na makala isipofika sipati kitu. Kwa hiyo wiki hii naandika ya wiki ijayo, halafu nafungua ya wiki iliyopita na kuisafisha. Wakati moja inalala, nyingine inaamka. Hii unayoisoma ililala siku sita. Ilikuwa na utani mmoja wa makonda wa daladala ambao siku ya kuandika ulinivunja mbavu. Siku ya saba haukunichekesha hata kidogo. Unauona humu? Huuoni.

Na kama huna hata siku moja, basi jibadilishe wewe usomaji wako. Kama uliandika kwenye simu, inakili kwenye karatasi. Kama uliandika ndani, katoke nje ukasome chini ya mti. Bora kuliko yote, mpe mdogo wako akusomee kwa sauti, wewe sikiliza tu. Usimsaidie! Pale anapojikwaa, usimgombeze mtoto, sentensi ndiyo mbovu. Pale anapopita haraka bila kupumua, panataka nukta. Na pale anapokuuliza "huyu ni nani tena?", mshukuru, mnunulie hata karanga.

Ikiwa imelala, iache kweli. Usiichungulie usiku na tochi ya simu. Usiende kuwasimulia washikaji kijiweni, maana ukishaisimulia mara tano inakuwa mpya tena kichwani na usingizi wote umeharibika. Nenda kafue, nenda kwenye mpira, kaandike kitu kingine. Na siku ya kuiamsha, isome mara ya kwanza mikono mitupu, bila kalamu, mpaka mwisho. Ukishika kalamu mapema utahangaika na koma za ukurasa wa kwanza wakati tatizo ni kwamba kodi haimo.

KULAZA SI KUZIKA

La mwisho nawaambia wale wa upande wa pili. Kuna jamaa ukimuuliza hadithi yake imefikia wapi, anakwambia "bado nimeilaza". Mwaka wa tatu huu! Ndugu yangu, hiyo hukuilaza, umeizika, na unaogopa kufufua. Anayelala huamshwa. Siku unayoweka andiko lako kwenye droo, andika juu yake tarehe ya kulitoa, na tarehe ikifika litoe hata kama moyo unadunda. Kama ni bovu, utajua pa kushona. Kama ni zuri, utajua umelijua ukiwa na akili timamu, na hapo ukilituma unalala usingizi wako mzuri.

Haya, mpenzi msomaji. Una kitu umekiandika jana usiku na kidole kiko kwenye kitufe? Toa kidole. Kesho asubuhi, ukishakunywa chai, kisome kana kwamba umeletewa wewe na mtu usiyemjua. Ukiona kodi imo, tuma.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.